Mmeto wa 3C 279: kupima upepo wa jua kutoka Nairobi

Kila mwaka, tarehe 8 Oktoba, Jua hupita mbele ya 3C 279. Hii ni kwasari, kiini king'avu cha galaksi ya mbali, na iko karibu kabisa na njia ya Jua angani. Kwa mtu wa Nairobi ni zawadi, kwa sababu hupita karibu utosini, digrii nne na nusu tu kusini. Antena inatazama juu, mbali na upeo wa macho ambako kelele za jiji zimerundikana. Anayefanya utafiti wa baada ya uzamivu kuhusu upepo wa jua aiandike kwenye kalenda kuanzia Septemba mapema hadi Novemba.

Upepo wa jua ni plazma, yaani gesi yenye chembe za umeme, inayotoka kwenye Jua kwa kasi ya kilomita 300 hadi 800 kwa sekunde. Haiko sawasawa, ina mabonge na mianya. Mawimbi ya redio ya kwasari yakipita humo hupindika kidogo, na yakifika Duniani huwa yamechora mabaka yenye nguvu na mabaka hafifu, yenye upana wa kilomita mia moja na zaidi. Mabaka hayo yakipita juu ya antena, ishara hupanda na kushuka ndani ya sekunde moja. Huo ndio mmeto. Mwanaastronomia Antony Hewish na wenzake wa Cambridge walieleza jambo hili mwaka 1964. Chanzo lazima kiwe kidogo, chini ya nusu sekunde ya pembe hivi (digrii moja ina sekunde 3,600). Ni kama nyota kumeta huku sayari ikitulia.

Masafa mazuri ni megahezi 327. Kipande cha 322 hadi 328.6 kimetengewa pia astronomia ya redio, na darubini ya Ooty kule India na zile za Nagoya, Japani, hutumia masafa hayo hayo. Kabla ya kununua chochote, piga hesabu ya kelele. Chukua kelele ya mfumo, yaani ya antena na kipokezi, ambayo hupimwa kama joto, kelvini 100, upana wa masafa megahezi 4, na wastani wa milisekunde 20: kelele inayobaki ni kelvini 0.35. Dishi la mita 32, kama lile la Kuntunse, Ghana, linapata kelvini 1.7 hivi kutoka kwa chanzo cha jansky 10 (jansky ni kipimo cha nguvu ya mawimbi ya redio yanayofika). Kikimeta kwa asilimia 30, hiyo ni kelvini 0.5, na inaonekana. Kwenye dishi la mita 10 mmeto huo ni kelvini 0.05 tu, na unazama ndani ya kelele. Kwa hiyo usianze na dishi dogo ukitumaini kwamba programu itakuokoa. Ni afadhali uombe data iliyorekodiwa na darubini kubwa.

Sasa kosa linalowapata wengi. Mmeto unaoutafuta uko kati ya hezi 0.1 na hezi chache, kwa hiyo sampuli 50 kwa sekunde zinatosha, na mtu huweka 50. Lakini umeme wa Kenya ni wa hezi 50, na haukai hapo hasa. Gridi ikiwa kwenye 50.3, muungurumo unaovuja kutoka kwenye pawasaplai hujikunja na kutokea kwenye hezi 0.3, katikati ya data yako, ukijifanya upepo wa jua. Rekodi sampuli 500 kwa sekunde, kisha fanya wastani kwenye kompyuta hadi zibaki 50 kwa sekunde. Halafu itazame spektra, yaani mchoro wa nguvu kwenye kila masafa, kwa macho yako: upepo wa jua huchora mteremko mpana, umeme huchora sindano. Ukiona sindano, hiyo si plazma, hata kama inapendeza kiasi gani.

Jua lenyewe ni tatizo la pili. Kwenye megahezi 327 linatoa zaidi ya jansky 100,000, na antena husikia pia kwa pembeni. Likitulia, unaweza kuliondoa. Likilipuka, hubadilika ndani ya sekunde na kuiga mmeto. Kwa hiyo geuza antena mara kwa mara kwenye anga tupu, na mahali hapo pawe na umbali ule ule kutoka kwenye Jua, upande wa pili. Mmeto unaoonekana pande zote mbili, utupe.

Ayonosfia, tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme, haisumbui sana hapa, ingawa ikweta ya sumaku ya Dunia iko jirani, Ethiopia. Viputo vya plazma huamka Jua likizama, na kazi hii ni ya mchana: tarehe 18 Septemba 3C 279 hupita karibu utosini saa saba na dakika 40 hivi, na tarehe 28 Oktoba saa tano asubuhi.

Katika tarehe hizo mbili kwasari iko digrii 20 hivi kutoka kwenye Jua, na mstari wa kutazama unapita kilomita milioni 51 kutoka kwake. Ondoa kupanda na kushuka kwa polepole kwa kutoa wastani wa sekunde 10. Kata dakika 10 za data katika vipande vya sampuli 1,024, ambavyo ni 29, na ufanye wastani wa spektra zake. Kila nukta itabaki na kosa la asilimia 19 hivi. Tafuta goti, pale mstari unapoanza kushuka. Ili kupata kasi, zidisha masafa ya goti kwa kipeuo cha pili cha (π mara urefu wa wimbi mara umbali hadi kwenye plazma), ambacho hapa ni kilomita 636. Goti kwenye hezi 0.63 ni kilomita 400 kwa sekunde, kwenye 1.1 ni 700.

Chini ya digrii 12 hivi, yaani kuanzia tarehe 26 Septemba hadi 20 Oktoba, mmeto hujaa, yaani hauongezeki tena, na hesabu hii haifai. Endelea kurekodi, lakini usitoe kasi. Anayetaka kutazama karibu zaidi na Jua apande masafa.