Nilivyouinua usukani wa pikipiki yangu uani

Nina urefu wa sentimita 188, na ukiniona juu ya Boxer 150 utadhani nimempora mtoto baiskeli. Kila wiki natoka Kihonda, Morogoro, naenda Dakawa kufuata mpunga, zaidi ya kilomita 40 kwenda tu. Nikirudi, kiuno hakikunjuki na viganja vimekufa ganzi kwa kuuinamia usukani njia nzima. Ndipo nikaamua kutafuta usukani mrefu, ule mafundi wanaouita hendo ya juu.

Dukani Msamvu kijana akanitolea mmoja uliouzidi wangu kwa kama sentimita 12. "Huu kaka, utakaa kifalme." Nikalipa 35,000 papo hapo. Sikuuliza lile swali moja nililotakiwa kuuliza: waya zitafika?

Jumamosi asubuhi nikaiegesha pikipiki uani kwa stendi kubwa, nikapiga picha za kila waya unapopita, kisha nikafunika tenki kwa kanga kuukuu. Kanga hiyo ilijilipa mapema, maana spana iliniponyoka ikatua pale pale juu ya tenki. Raba za mikononi nilizitoa kwa spoki ya baiskeli: unaipenyeza chini ya raba, unamimina maji ya sabuni, unaizungusha, raba inateleza yenyewe. Watu huzikata kwa wembe kisha wananunua nyingine. Sijui wana haraka ya kwenda wapi.

Kilichonikalisha muda mrefu ni swichi. Ukifungua kile kiboksi cha swichi, ndani kuna kijino kidogo kinachoingia kwenye tundu la bomba la usukani ili kiboksi kisizunguke. Usukani wangu mpya haukuwa na tundu hata moja. Jirani yangu, naye ni dereva wa bodaboda, akaniambia, "Kikate tu hicho kijino, wote tunafanya hivyo." Sikukubali. Kiboksi cha kulia ndicho kinachoshika mkono wa mafuta. Kikizunguka ukiwa unalipita lori, hutakuwa na nafasi ya kujilaumu. Nikaufunga usukani kwa kulegeza, nikapanda, nikafumba macho na kuiacha mikono itue inapotaka. Hapo nikaweka alama kwa rangi ya kucha ya binti yangu. Nikapima kijino, nikaazima drili, nikatoboa upande mmoja tu wa bomba, kisha nikakwangua chembe za chuma zisije zikachubua waya.

Boliti za vibano vinavyoushika usukani nilizikaza kwa zamu, huku kidogo, kule kidogo, ili nafasi ilingane pande zote. Waya za umeme zilikuwa zimejikunja nyuma ya taa kubwa. Nilipoifungua taa nikapata urefu wa kutosha. Breki yangu ya mbele ni ya dramu, kwa hiyo ni waya tu, nayo nililegeza nati yake kule kwenye gurudumu. Ingekuwa ya diski ningehitaji mpira mrefu zaidi wa mafuta ya breki na kazi ya kutoa hewa, na hiyo ningempelekea fundi.

Saa tisa alasiri nikapiga kiki. Ikawaka vizuri. Nikakata usukani kushoto, na pikipiki ikapiga kelele yenyewe, mkono wangu haujagusa mafuta! Nikaurudisha katikati, ikatulia. Nikakata kushoto tena, ikanguruma tena. Waya wa mafuta ulikuwa mfupi, kila nikikata kona unajivuta. Kulia nako waya wa klachi ulikaza kama uzi wa gitaa. Nilifungua vibanio vyote vinavyoshikilia waya kwenye fremu nikazipitisha njia ya mkato. Klachi ikapata nafuu, mafuta yakagoma. Mke wangu akachungulia mlangoni. "Baba, hiyo kesho itafika kanisani?" Sikujibu.

Jumatatu nikarudi Msamvu, safari hii nimebeba utepe wa kupimia. Yule kijana hakutaka kuupokea ule uliotobolewa, na alikuwa na haki. Nikanunua mwingine, uliozidi wa zamani kwa sentimita 5 tu, nikaanza upya: alama, tundu, kila kitu. Sasa nikikata kushoto au kulia hadi mwisho, mngurumo haubadiliki, na mkono wa klachi una nafasi ya kama milimita 10 kabla haujaanza kuvuta. Baada ya siku mbili za kuendesha nilizikaza boliti tena. Mbili zilikuwa zimelegea kidogo.

Kiuno kimepona, ingawa upepo wa barabara ya Dodoma sasa naupokea kifua kizima, na nikiwa na magunia nyuma, gurudumu la mbele nalisikia jepesi kuliko zamani. Siku ya kwanza nilifika Dakawa nikagundua kwamba vioo vyote viwili vinanionyesha kidevu changu, sikuwa nimevigeuza. Ule usukani wa sentimita 12 mke wangu ameupigilia kwenye mlango wa banda la kuku, na kuku wanaulalia.