Konokono Walipoanza Kupanda Mchu

Kila mwaka pepo za kusi zinaposhika na jua la Mombasa likapunguza ukali, huwa ninatenga wiki 3 za somo la sayansi kwa ajili ya kuwafundisha wanafunzi wangu wa Gredi ya 8 namna ya kujinusuru mtu anapokwama mahali pasipo na msaada wa karibu. Huanza na zoezi la karatasi. Ninawaambia kwamba mashua yao imezima injini katikati ya mikoko, jua linakaribia kutua, na wana vitu 10 tu, miongoni mwavyo panga, kioo, firimbi, turubai, kamba, kiberiti na dumu la maji la lita 5. Kila mmoja avipange peke yake kwa umuhimu, kisha kundi zima likae na kukubaliana juu ya orodha moja.

Panga huwa la kwanza karibu kila mara, hasa kwa wavulana, nami sishangai, kwa kuwa ndivyo wanavyoona kwenye runinga. Firimbi huwekwa mkiani. Huwa sibishani nao. Ninawatoa uwanjani, ninamwomba mmoja aite kwa sauti kwa dakika 5 mfululizo na mwenzake apulize firimbi mara 3 kisha apumzike, mara 3 kisha apumzike, ambayo ndiyo ishara ya hatari inayotambulika katika nchi nyingi. Yule anayeita hukauka koo kabla ya dakika ya tatu, na firimbi hupanda orodha bila mimi kusema neno.

Masomo ya maji na moto huenda vizuri, na sina mengi ya kuyaeleza. Wanafunzi hujifunza kwamba maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, na kwamba figo haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi nyingi kiasi hicho, hivyo mwenye kuyanywa hupoteza maji mengi kuliko aliyoyaingiza mwilini. Huchuja maji ya tope kwa mchanga na makaa, yakang'aa, wakatamani kuyanywa palepale, ndipo ninapowakumbusha kwamba vijidudu havionekani kwa macho na kwamba maji hayo sharti yachemke kwanza. Katika moto kila kundi hupewa njiti 3 za kiberiti na kumbi la nazi. Kundi linalochambua usumba, yaani nyuzi za kumbi, mpaka ukawa kama nywele, likauacha upitishe hewa, huwasha kwa njiti moja, ilhali kundi ambalo mikono mitano inagombania kiberiti hukandamiza usumba, hukosa oksijeni, na hubaki na moshi na lawama.

Jambo lililonifanya niandike leo lilitokea katika wiki ya tatu, tulipokwenda kwenye mikoko ya hori ya Tudor, upande wa Kisauni. Ilikuwa siku ya bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida. Hapa kwetu, siku za bamvua maji hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni, na tofauti kati ya kupwa na kujaa huweza kukaribia mita 4. Nilikuwa nimesoma jedwali la maji, nikapiga hesabu zangu, nikaamua kwamba tungevuka mkondo wa matope kwa miguu asubuhi, tujenge vibanda vyetu vya turubai ng'ambo, kisha turudi saa saba unusu maji yakiwa bado madogo. Sikuchukua mwenyeji wa kutuongoza, kosa ambalo sijalirudia.

Mnamo saa sita, makundi yakiwa yameshughulika na kamba na mafundo, msichana mmoja ambaye kwa kawaida husema akiulizwa tu alisimama mbele ya mti wa mchu, aina ya mkoko, akiutazama kwa muda mrefu. Konokono wadogo wa rangi ya tope, ambao saa moja kabla walikuwa wametapakaa chini wakila, walikuwa wanapanda shina mmoja baada ya mwingine, na wengine walikwishafika usawa wa goti lake. Tope pale lilikuwa bado kavu. Alimwambia kiongozi wa kundi lake kwamba maji yanakuja na mifuko iondolewe chini. Kiongozi, kijana hodari na mwenye sauti, alimjibu kwamba mwalimu amesema saa saba unusu, akamtaka ashike kamba. Alinijia mimi. Nami, naandika haya kwa aibu kidogo, nilitazama saa yangu badala ya kuutazama mti.

Konokono hao wana tabia ya kupanda mti kabla maji hayajawafikia, kisha hujishika juu ya usawa ambao maji yatafika. Baba yake msichana huyo ni mvuvi wa kaa, na msichana mwenyewe ameliona jambo hilo tangu utotoni. Tulipofika kwenye mkondo, maji yalikuwa mapajani mwa watoto wafupi. Tulivuka kwa kushika kamba moja, warefu wakiwa upande unakotoka mkondo, na hakuna aliyeumia, ila mifuko ya kundi moja ililowa pamoja na chakula chote cha mchana, na nadhani hamna haja ya kusema ni kundi gani.

Siku iliyofuata tulifanya hesabu ubaoni. Mimi nilikuwa nimegawanya tofauti ya kupwa na kujaa ya siku ile, mita 3.6, kwa saa 6, nikapata sentimita 60 kwa kila saa, kana kwamba bahari ni mfereji uliofunguliwa. Mabaharia hukadiria kwa sehemu 12: saa ya kwanza maji hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu na ya nne 3 kila moja, ya tano 2, ya sita 1. Kwa hiyo nusu nzima ya maji huingia kati ya saa sita na saa nane mchana, sentimita 90 kwa saa, yaani wakati uleule niliokuwa nimeupanga kuwa wa kurudi. Darasa lilicheka sana, nami niliwaacha wacheke.

Tangu hapo nimebadili namna ya kutoa alama. Zamani kundi lilipata alama kwa kibanda kilichosimama na moto uliowaka. Sasa theluthi moja hutokana na karatasi ambayo kundi huijaza kabla ya kuanza kazi, kila mmoja akieleza jambo moja analolijua kuhusu mahali tuendapo ambalo mimi sikulifundisha. Mwanzoni wengi huandika "sijui", hasa watoto wa mjini kabisa, na inanibidi niwaulize maswali madogomadogo: bibi yako huwasha moto kwa kutumia kitu gani, paa la makuti nyumbani limefungwa kwa kamba ya aina gani, nani amewahi kukwama kwenye tope na alitokaje. Muhula huu kijana mmoja aliandika kwamba anajua kupiga mbinja ya vidole inayosikika kutoka ng'ambo ya hori. Tulimjaribu. Tulipofika ng'ambo, firimbi ilibaki mfukoni.