Jinsi nilivyozipata upya taralli za bibi yangu

Mama yangu ni Mwitaliano wa Altamura, mji wa mkoa wa Puglia, kusini mwa Italia. Mimi nimekulia Moshi, kwa baba. Bibi mzaa mama alipofariki tuligawana vitu vyake, na daftari lake la mapishi likaangukia kwangu. Humo nilikuwa natafuta kitu kimoja tu: taralli, vile vipete vikavu vya unga alivyokuwa akitujazia mfukoni kila tulipokwenda likizo.

Nilizikuta. Unga wa ngano gramu 500, mafuta ya zeituni mililita 125, chumvi gramu 10, mbegu za shamari, mvinyo mweupe kiasi cha kutosha. Basi. Hakuna hamira, hakuna moto kiasi gani, hakuna muda. Niliukanda unga, nikaoka, zikatoka ngumu, uso umefifia, hazina ule mng'ao wala ule mvunjiko wa kukatika mdomoni. Nilibadili unga, nikabadili mafuta, mambo yakawa yale yale.

Nilipohamia Bari, mji mkuu wa mkoa huo wa Puglia, kikazi, nikawa naenda Altamura kwa mama mdogo, mdogo wake mama. Nikamwekea daftari mezani. Akasoma, akaniuliza, "Na maji umeyachemsha wapi, mwanangu?"

Kumbe taralli huchemshwa kwanza. Bibi hakuandika kwa sababu pale hakuna asiyelijua hilo. Na moto hakuuandika kwa sababu tanuri halikuwa lake. Zamani Altamura kila nyumba ilikanda unga wake na kuupeleka tanuri la mtaa, na mikate ilipigwa muhuri wa mbao wenye herufi za jina la mwenye nyumba ili isichanganyike. Muhuri wa kwao mama mdogo bado anao. Ni kijiti kifupi kama kidole gumba, chini kimechongwa herufi mbili, na ndani ya michongo unga umegandamana hadi umekuwa rangi ya kahawa. Mikate ikishatoka, ndipo taralli ziliingia, tanuri limeshapoa kidogo. Hilo lilinifungua macho: mimi nilikuwa nazichoma kwa moto wa mkate.

Tukapika pamoja. Mvinyo aliutia kidogo kidogo huku akikanda, nami nikaupima pembeni, ukafika kama mililita 200. Unga ukawa laini usioganda vidoleni. Akaufunika, ukapumzika nusu saa. Kisha kila kipande akakiviringisha kiwe kamba nyembamba kuliko kidole kidogo, akakunja pete na kubana ncha kwa dole gumba. Mimi nilibana kwa woga, naye akazirudia zangu zote, maana ncha isipobanwa sawasawa hufunguka ndani ya maji.

Sufuria ikichemka, unazitumbukiza chache chache. Zinazama, halafu zinaibuka zenyewe. Zikiibuka tu, unaziopoa kwa upawa wa matundu na kuzitandaza juu ya kitambaa safi. Maji ya moto huupika ule unga wa juu, na hapo ndipo ule mng'ao unapotoka. Mama mdogo huziacha zikauke usiku kucha. Mtu mwenye haraka atasubiri saa mbili, lakini mimi naona usiku mzima una tofauti kubwa. Halafu oveni nyuzi 180, dakika 35 hadi 40, mpaka ziwe rangi ya dhahabu.

Majirani zangu wasiogusa kilevi nawakandia kwa maji ya uvuguvugu badala ya mvinyo. Zinakuwa ngumu kidogo, lakini zinalika vizuri na chai. Za Napoli zina mafuta ya nguruwe, pilipili manga na lozi. Hizi za kwetu hazina.

Zikipoa kabisa nazitia kwenye kopo la bati, na hukaa wiki kadhaa. Kopo moja nilimpelekea mama Moshi. Alikula ya kwanza kimya, akachukua ya pili, akasema, "Ndizo. Ila punguza chumvi, mama hakuwa mtu wa chumvi." Sasa natia gramu 8.