Kumbukumbu ya mradi: zege la karatasi linachanganyika, kazi imehamia kwenye pampu

Mashine ya kuchanganyia zege hili, yaani karatasi iliyosagwa pamoja na saruji, mchanga na maji, imetulia. Ni ile ya kukokotwa, wazo lililoenezwa na Mike McCain wa Marekani: ekseli ya nyuma ya gari kuukuu, difu (gia za katikati ya ekseli) imegeuzwa itazame juu, tangi limekaa juu yake, na panapofungwa shafti ya propela pamewekwa kisu cha mashine ya kukatia nyasi. Gari likivuta, tairi zinazungusha difu, difu inazungusha kisu ndani ya tangi. Haina mota wala umeme.

Kipimo nimekipanga kifuate mfuko mzima wa saruji wa kilo 50, maana kupima saruji kidogo kidogo penye upepo ni adhabu. Mfuko huo unakwenda na karatasi kavu kilo 30, mchanga kilo 35 hivi na maji lita 650. Karatasi inalala majini usiku kucha. Ya magazeti ya kawaida husagika haraka. Ile ya majarida yanayong'aa inakawia, na bahasha zenye dirisha la plastiki nazitoa kabla, kwa sababu nitakazokuja kuzieleza.

Karatasi na maji vinatangulia peke yake. Nachota ujiuji kiganjani, nakamua, natandaza kwa kidole gumba. Herufi zikisomeka kwenye kipande chochote, gari linaendelea kuzunguka. Zikishapotea ndipo naweka saruji, halafu mchanga, mizunguko michache tu, basi.

Sasa pampu. Nilianza na pampu ya maji machafu yenye pangaboi. Ilivuta vizuri mpaka tope la zege lilipofika kwenye kiungo kinachopunguza bomba kutoka inchi 3 hadi 2. Hapo mpira wa bomba ulijaa na kukakamaa, mwishoni yakachuruzika maji matupu. Nilipofungua klempu nikakuta kizibo cha nyuzi za karatasi kilichobanana, kikavu kiasi kwamba kilivunjika mkononi. Katikati yake, kipande cha dirisha la bahasha.

Kilichotokea ni hiki: maji hukimbia kuliko nyuzi. Pakiwa na mbano, nyuzi zinakwama, maji yanazipita, na kila ukiongeza nguvu unazidi kuzikamua. Kwa hiyo kupandisha injini ili "isukume" ndiko kunakoua kazi. Mpira ukikakamaa, zima, fungua kiungo, toa kizibo.

Nimeng'oa kila kinachobana. Bomba ni inchi 3 kutoka tangini hadi ncha, halina kona kali wala koki katikati. Pampu imekaa chini ya tangi ili tope liingie kwa uzito wake lenyewe. Kabla ya mzigo napitisha maji, kisha ndoo mbili za uji wa karatasi usio na saruji wala mchanga, utelezeshe njia. Baada ya hapo hakuna kusimama kupiga soga: mchanga unazama chini na nyuzi zinakaa. Pampu yenyewe nimebadilisha, natumia ya kiwambo, ile ambayo ngozi yake ya mpira hupanda na kushuka. Inakwenda kwa mapigo, polepole, lakini vipande inavipitisha, na mchanga hauna pangaboi la kula.

Kwa matofali, hata hivyo, sioni haja ya pampu. Tangi likisimama mahali palipoinuka, ukifungua mdomo wa chini tope linashuka lenyewe kwenye kalibu. Pampu naiachia ukuta wa kumimina, kuanzia usawa wa kifua kwenda juu, ambako ndoo zinavunja mgongo.

Ukutani namwaga kimo cha sentimita 30 kwa mara moja, kati ya fremu zilizowambwa wavu ili maji yatoke. Tope linashuka lenyewe likichujika, hivyo usidhani umepungukiwa. Ni maji yameondoka. Glovu ni lazima, saruji mbichi inachoma ngozi. Nayo mabomba yaoshwe papo hapo, kabla hata ya kunywa maji, kwani saruji ikishika ndani ya mpira huo mpira umekwisha.

Awamu ijayo ni kimo cha juu ya madirisha. Uzito wa paa utabebwa na nguzo, kwa sababu ukuta huu hukauka polepole mno na nyenzo hii hunyonya unyevu. Ndiyo maana msingi umeinuliwa vizuri juu ya ardhi na paa litatokeza sana nje ya ukuta. Plasta nitaanza upande unaopigwa na mvua, lakini si kabla ukuta haujakauka mpaka ndani. Nitatoboa tundu dogo na msumari mrefu nione unga unatoka mkavu au umelowa.