Shokapu zilivyokwisha kimyakimya, na tulivyozibadilisha

Shokapu za gari, yaani vile vyuma vyenye oili vinavyolituliza gari lisiendelee kunesa, hazifi siku moja. Zinachoka kidogo kidogo, na dereva anazizoea hivyo hivyo kwa sababu ana usukani wa kushikilia. Kwetu waliolalamika kwanza ni abiria wa nyuma. Watoto walianza kutapika tukienda Kondoa, barabara yenyewe lami tupu, na mama mkwe akasema bora angepanda boti ya Zanzibar kuliko gari la mkwewe.

Ndipo nikaanza kuliangalia gari. Huku Nzuguni, Dodoma, barabara za mitaa mvua ikishapita zinabaki makorongo, kwa hiyo kurukaruka si jambo la kumshangaza mtu. Nilichokiona ni kwamba likishavuka tuta halitulii: linanyanyuka, linashuka, linanyanyuka tena. Ukikanyaga breki, mbele linainama. Usiku taa zinacheza juu chini mpaka madereva wanaokuja wananimulika wakidhani nimewasha taa kali.

Jaribio la kwanza halihitaji fundi. Gari likiwa limesimama mahali tambarare, unaegemea pembe moja kwa uzito wako wote, unalisukuma chini, kisha unaachia. Shokapu nzima inaliacha gari lipande mara moja na kutulia. Langu, pembe ya mbele kushoto, liliendelea kunesa lenyewe. Lakini msiliamini sana jaribio hili: shokapu iliyochoka nusu inaweza kulipita, hivyo lazima uchungulie chini pia.

Nilipochungulia, shina la shokapu lilikuwa limevaa tope jeusi, gumu, lililogandamana. Ni oili iliyovuja ikachanganyika na vumbi letu la Dodoma. Unyevunyevu kidogo karibu na sili, ile raba inayozuia oili isitoke, hauna tatizo. Oili iliyotiririka hadi chini ndiyo habari mbaya. Raba ya kukinga vumbi ilikuwa imechanika, na hapo chanzo kinaeleweka: mchanga unakaa kwenye fimbo inayong'aa ya shokapu, kila ikiingia na kutoka unaisugua sili, oili inapata njia. Na kazi yote ya shokapu iko kwenye hiyo oili. Uzito wa gari unabebwa na springi; shokapu inailazimisha oili ipite kwenye matundu madogo ili springi isiendelee kucheza.

Tairi nazo zilinipa ushahidi. Nilipitisha kiganja juu ya kashata, yaani meno ya tairi, nikasikia bonde, kilima, bonde. Tairi inayoliwa kwa alaimenti mbovu, yaani magurudumu yasiyokaa sawasawa, mara nyingi inaisha upande mmoja kwa usawa. Hii ilikuwa imeliwa kwa mafungu, kwa sababu ilikuwa ikidunda barabarani badala ya kuikanyaga.

Kulikuwa pia na mlio, ko-ko-ko, kwenye mashimo. Jirani aliapa kuwa ni shokapu. Fundi akachukua nondo, akatikisa linki ya stabilaiza, kile kifimbo cha chuma kinachoshika chuma cha kuzuia gari kulala kwenye kona, ikacheza kama inavyotaka. "Mlio wako huu hapa, bosi. Shokapu ni ule mnesoneso." Kwa hiyo tukabadilisha vyote, ila kama ningekuwa na mlio peke yake, ningenunua linki tu na kubakiza hela nyingi.

Kwenye duka la spea nikaonyeshwa shokapu za mtumba, "orijino kutoka Japani". Nilikataa. Shokapu ni kitu cha kuchakaa. Iliyotolewa kwenye gari la mtu hujui imebakiza nini, na ukiilaza na kuifuta inapendeza tu. Nilichukua mpya, kushoto na kulia kwa pamoja, maana ukibadilisha upande mmoja gari linakuwa na pande mbili zenye tabia tofauti kwenye kona na kwenye breki. Nikaongeza maunti za juu, vile vishikizo vinavyofunga shokapu kwenye bodi, na raba za kukinga vumbi. Kubania hela ya raba wakati kila kitu kimefunguliwa ni ubahili usio na faida.

Kwenye gari letu shokapu za mbele zimekaa ndani ya springi, na hapa sikushika spana. Kijana wa gereji alikuwa ameshapeleka spana kwenye nati ya kati juu, mkubwa wake akafoka: "Wee! Acha hiyo, banisha springi kwanza!" Springi ile imebanwa kwa nguvu inayoweza kumvunja mtu taya, nati haifunguliwi mpaka vyuma vya kubania viwe vimeikamata pande zote mbili na imelegea kwenye kiti chake. Gereji isiyo na vyuma hivyo, ondoka.

Ya zamani ilipotoka niliisukuma fimbo kwa mkono, ikazama bila ubishi, ikabaki humo. Mpya, ambayo ni ya gesi, ilinikatalia, kisha ikapanda yenyewe taratibu. Fundi aliisimamisha wima akaipampu mara kadhaa kutoa hewa kabla ya kuifunga. Bolti zinazopita kwenye bushi, yaani raba za kwenye maungio, alizikaza mwisho, gari likiwa limeshushwa chini kwa magurudumu yake, ili bushi zisikae zimejipinda.

Kutoka hapo tulienda moja kwa moja kupima alaimenti, kwani bolti za chini za shokapu zikishafunguliwa mkao wa gurudumu unahama. Gari likawa gumu kidogo, mke wangu akauliza kama ndivyo linavyotakiwa, nikamwambia ndivyo. Mngurumo wa tairi tu ndio haukuondoka. Tairi ikishaliwa mafungu hairudi, na mwisho wa mwezi nikanunua mbili za mbele.