Pleti isiyoota kitu

Watu wakisikia nafanya utafiti wa bakteria wa mifugo wanadhani naogopa pleti, kile kisahani cha kuoteshea bakteria, ikiwa imejaa. Wala. Mi inayoninyima usingizi ni ile tupu. Umepanda maziwa kwenye agari ya damu, yaani chakula cha bakteria kilichochanganywa na damu, umeweka inkubeta nyuzijoto 37, kesho yake unafungua hamna kitu, nyekundu imetulia tu, na mwenye ng'ombe ukimpigia simu anamshukuru Mungu kabisa.

Wiki hii ni ugonjwa wa kiwele tu, mastaitisi. Ule unaoonekana hauna maneno, kiwele kimevimba kina moto, maziwa yanatoka mabonge, ukigusa unapigwa teke. Kazi iko kwa ule wa kimyakimya, ng'ombe anakula vizuri, maziwa meupe, ila ukikamulia kwenye kile kibao cha vikombe vinne, kila chuchu na kikombe chake, ukatia ile dawa ambayo kimsingi ni sabuni, ukazungusha taratibu, kikombe kimoja kinavutika kama mlenda. Sabuni inapasua seli nyeupe za damu, vinasaba vyake vinamwagika na ndo vinafanya ule uteute, kwa hiyo uteute mwingi maana yake kuna vita humo ndani.

Juzi huko Goba kwa mama mmoja mwenye banda nyuma ya nyumba ikawa hivyo hivyo, chuchu ya nyuma kushoto ikavutika haswa. Nikaisafisha, nikaifuta na spiriti, nikamwaga mikamuo ya kwanza, chupa nimeilaza pembeni ili mavi yasidondokee ndani, barafu, boda, foleni, maabara. Haikuota kitu. Nikampigia.

"Mama shikamoo, kuna sindano yoyote alichomwa karibuni?"

"Marahaba mwanangu. Hamna... labda ile OTC tu, ya kumchangamsha."

Ya kumchangamsha! Aisee. Oksitetrasiklini ni antibayotiki kamili, sio chai ya tangawizi. Sasa dawa inatoka na maziwa, inaingia kwenye chupa yangu, inazuia bakteria wasiote kwenye pleti, na huku stafilokokasi, bakteria wanaoleta huu ugonjwa mara nyingi, wenyewe wako salama wamejificha ndani ya nyama ya kiwele, wengine wamezungukwa na kovu ambapo dawa haifiki vizuri, wengine wameingia mpaka ndani ya seli. Na hata bila dawa hawatoki kwenye maziwa kila siku, leo wapo kesho hawapo, ndo maana pleti moja tupu mi sihesabu kuwa ng'ombe kapona. Na yale maziwa ya siku ile sijui yameishia kwenye chai ya nani.

Kuna watu wanasema tuchemshe tu yaishe. Kuchemsha ni lazima, sibishani, kunaua bakteria, lakini sumu ambayo stafilokokasi ameshaitoa maziwa yakiwa yamekaa kwenye ndoo na joto hili la Dar, ile inavumilia moto, haiondoki kwa kuchemka. Na mabaki ya dawa nayo sufuria haiyamalizi.

Kinachonichekesha kidogo, penisilini yenyewe iligunduliwa kwenye pleti ya stafilokokasi, Alexander Fleming, London, 1928, ukungu umeingia na pembeni yake bakteria wameyeyuka. Na 1945 akitoa mhadhara wake wa Nobel alishaonya kabisa kwamba dozi pungufu inawafundisha vimelea kuizoea dawa. Leo mi nakaa na rula napima milimita za eneo walikoshindwa kuota kuzunguka diski ya penisilini, kile kikaratasi chenye dawa, na kuna pleti ambazo hamna cha kupima, wameota mpaka wameigusa diski.

Ila wale wanaosema wafugaji wapewe elimu halafu basi, wananichosha. Elimu gani? Huyo mama anajua kabisa tyubu ya kiwele, ile dawa inayosukumiwa kwenye chuchu, ina siku zake na maziwa yanatakiwa kumwagwa mpaka dawa iishe mwilini, kaniambia mwenyewe, halafu akaniuliza, "Nikiyamwaga, pumba nanunua na nini?" Sikuwa na jibu. Majibu yangu ya maabara yanachukua siku mbili tatu, ng'ombe anakamuliwa leo jioni, na dukani OTC iko pale kaunta haiulizwi cheti. Ningekuwa mimi nadhani na mi ningechoma.

Kwa sasa nimeongeza kwenye fomu swali la "alichomwa nini mara ya mwisho, hata ya kuchangamsha", limeshaanza kuleta majibu ambayo lile la "antibayotiki" halikuwahi kuleta. Huyo wa Goba narudi dawa ikishamtoka, tupande tena zaidi ya mara moja. Mama kasema nifike kabla ya saa kumi na moja alfajiri, nikichelewa maziwa nitayakuta yameshapanda pikipiki.