Chupa ya kushusha pH ibaki dukani

Mimi hupima pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imeongezeka) ya tangi langu jioni, kabla ya kuwalisha samaki, saa ileile kila mara. Asubuhi namba huwa chini kidogo: usiku mimea haifyonzi kabonidioksidi bali huitoa, na gesi hiyo ikiyeyuka majini huleta asidi. Ukipima leo alfajiri na kesho jioni utadhani maji yameharibika, kumbe ndivyo yalivyo.

Ninachokiangalia zaidi ni kaboneti, chumvi za majini zinazozuia pH isibadilike haraka. Maji yenye kaboneti kidogo hayana breki; pH yaweza kuporomoka ghafla. Kimfuko cha vipande vya matumbawe ndani ya chujio huyeyuka polepole na kuziongeza. Dawa za kushusha pH sizipendi kabisa. Kaboneti zikiwa nyingi, namba hushuka kisha hupanda tena, na anayeyumbishwa ni samaki. Tena kutoka 7 hadi 6 asidi imeongezeka mara 10, si jambo dogo!

Gapi wangu, samaki wadogo wa tangini, wanaishi kwenye 7.6 na wanazaana tu. Ila pH ikikaribia 8.5, sehemu kubwa zaidi ya amonia (taka itokayo kwa samaki) hugeuka sumu, kwa hiyo hapo nabadilisha maji mapema.